Usitupe, Itafaa

Ukifumba macho sasa hivi, unaweza kutoka kitandani kwako mpaka mlango wa nje bila kuumia?

Fundi Itafaa aliweza, na alijivunia. Hatua mbili mbele, unageuka ubavu kama kaa, unainua mguu wa kulia juu ya feni, unainama kupita chini ya nyaya, kisha unaingia kwenye ujia wenye televisheni zile nene za zamani zilizopandana mpaka karibu na dari. Hapo usiiguse ya chini kushoto, maana ndiyo iliyobeba wenzake wote. Hatua nne nyingine za ubavu, umefika mlangoni. Mkewe naye aliweza, hata akiwa na beseni la nguo kichwani. Binti yao wa miaka tisa aliupita ujia huo mbio. Wageni hawakuweza, kwa hiyo wageni walikuwa wameacha kuja.

Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili, mkabala na cha kinyozi. Ni huyo kinyozi aliyempa jina. Kila mtu alipookota kitu chini ya meza ya fundi na kuuliza kama akitupe, jibu lilikuwa moja: "Usitupe, itafaa." Skrubu iliyokatika kichwa, itafaa. Waya wenye urefu wa kidole, itafaa. Kinyozi akamwambia, "Wewe siku ukifa tutakuzika na jeneza la jirani, huenda litafaa." Watu wakacheka, na tangu siku hiyo jina lilimganda kama risasi ya kulehemu kwenye waya.

Kibanda kilikuwa kidogo kuliko kitanda, kwa hiyo kila kisichoenea kilipelekwa nyumbani. Na vingi havikuwa vyake. Ufundi wa redio una sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mali ya mteja haitupwi. Mteja analeta redio inayokoroma, fundi anaifunga kijikaratasi kwa uzi, anaandika mwenye mali na ugonjwa wenyewe, mteja anasema atapita Ijumaa. Wengine hupita Ijumaa. Wengine huhama, huolewa, hununua mpya, hufa. Vijikaratasi havijui hayo. Vilining'inia nyumba nzima kama vyeti vya wagonjwa wodini: "Mama wa nyumba ya kijani, haisemi." "Mwalimu mrefu, inasema ikipigwa." "Yule wa baiskeli, inanuka moshi." Yule wa baiskeli alikuwa hajaonekana kwa miaka kumi na mmoja.

Utani kando, alikuwa na sababu. Zamani, akiwa bado anajifunza kazi, bwana wake alichoka kubanana dukani akatupa redio mbovu iliyolala pale miaka mitatu. Mwenyewe akaja. Haikuwa redio ya maana, ila ilikuwa ya marehemu baba yake. Neno "mwizi" lilitamkwa mara moja tu, tena kwa sauti ya kawaida, na mtaa mzima ukaja na chochote kilichokuwa mkononi. Bwana wake alipona, lakini sikio moja halikusikia tena, na fundi redio asiyesikia ana tofauti gani na kinyozi asiyeona? Itafaa siku ile alijificha chini ya meza. Aliona miguu tu, mingi, ikikanyagana. Miaka ishirini na miwili baadaye, mtu akibisha mlango kwa nguvu, bado aliiona miguu ile.

Wapo watakaomcheka. Wasimcheke upesi. Mtu aliyekulia katika kukosa hafundishwi kutupa. Hufundishwa kuiogopa kesho, na kila kopo tupu analolipandisha juu ya kabati ni dua anayoiombea kesho hiyo. Itafaa alikuwa na makopo sitini, yote ya maziwa ya unga, yamepangwa rafu nne, kila moja na lebo yake. Hakuna aliyemwambia kwamba dua nazo zinaweza kumziba mtu pumzi.

Hiyo ilikuwa hofu yake ya kwanza, nayo aliizoea. Ya pili ilimfika mwaka huu.

Binti yao alipewa jina la mama yake Itafaa, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kulitaja ovyo jina la mkubwa, tangu akiwa mchanga walimwita Bibi. Bibi wa miaka tisa, mwenye meno mawili makubwa mbele na mdomo usiopumzika kama cherehani. Alikuwa na pumu. Zamani ilikuwa ikimjia kwa nadra, ikampigisha miluzi kifuani usiku mmoja, ikaondoka. Mwaka huu ilimjia kila mwezi, na Jumanne ya wiki hiyo ilimwangusha mpaka kucha zikawa za buluu. Akalazwa siku tatu.

Daktari alikuwa mwanamke aliyechoka, kalamu imemkaa sikioni. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama Itafaa.

"Baba, huko nyumbani chumba chake kikoje? Mna mazulia? Makochi ya zamani?"

"Makochi hatuna, daktari," alisema Itafaa.

"Tuna televisheni arobaini na moja," alisema Bibi.

Daktari akacheka.

"Hakuna hata moja inayowaka," Bibi akaongeza.

Daktari akaacha kucheka. Alimtazama mama, naye mama akatazama sakafu. Kisha akaeleza taratibu, kama mtu anayemwongoza kipofu kuvuka barabara. Vumbi. Kila televisheni ya zamani ni ghala la vumbi. Ondoeni yote, pigeni deki, fueni mapazia, chumba kiwe na kitanda na hewa tu. Mtoto atatoka Ijumaa, asikanyage ndani mpaka Jumapili jioni, kazi ikiwa imekwisha.

"Sikutishi, baba. Ila mapafu yake yamechoka. Likija shambulio jingine kama hili, mkichelewa dakika kumi tu, sina ninachoweza kukuahidi."

Itafaa alijua kwamba mtu akikuambia hakutishi, ujue amefika mahali pa kutisha.

Wakapewa pampu ya dawa, ile ndogo: kichupa cha bati kinachokaa ndani ya mdomo wa plastiki ya buluu, ukibonyeza inapuliza. Isimtoke mtoto mkononi, alisema daktari.

Ijumaa Bibi alikwenda kulala kwa mama yake mdogo. Itafaa alikusudia kuanza jioni hiyohiyo. Lakini kibandani kulikuwa na foleni, kwa kuwa alikosa kazi siku tatu za hospitali. Na mkewe, ambaye alikuwa akipiga pasi kwa dobi, alipewa zamu mbili mfululizo kwa sababu mwenzake alijifungua. Walikutana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo. Vyombo vilikuwa sinkini tangu Jumanne. Itafaa alisimama katikati ya chumba cha Bibi, akashika televisheni ya kwanza, akasoma kijikaratasi, akairudisha. Akashika ya pili. Mpaka Jumamosi saa moja jioni alikuwa amehamisha televisheni kumi na mbili kutoka chumba cha Bibi kwenda ujiani, na kumi na mbili kutoka ujiani kwenda chumba cha Bibi.

Mkewe aliporudi alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Umetupa ngapi?"

"Nimeanza kupanga."

"Sikuuliza hilo." Alivua viatu. "Mwenzangu, mimi siwezi kukesha namsikiliza mtoto kama redio yako mbovu, kila akikohoa nashtuka. Kesho nipo zamu mpaka saa kumi. Nikirudi nataka kuona sakafu. Nimesahau ina rangi gani."

Jumapili saa tatu asubuhi shemeji yake alifika, mdogo wa mkewe, mwalimu wa chekechea mwenye sauti ya kuita watoto kutoka uwanja wa mbali. Alikuja na fagio, viroba ishirini, kitambaa puani, na Bibi mkononi, maana hakuwa na wa kumwachia.

"Hodi! Au nipitie dirishani?"

"Karibu, shemeji. Dirisha liko nyuma ya spika."

"Nikaribie wapi? Nioneshe kwanza pa kuweka mguu." Akamkalisha Bibi barazani kwenye kigoda, akamziba pua na mdomo kwa leso, akamkabidhi pampu. "Wewe Bibi, kazi yako ni kukaa. Usiingie. Ukitaka kitu, piga makofi."

Akachora kwa chaki mafungu matatu barazani: kutupa, kugawa, kubaki. Wakaanza kutoa. Baada ya saa moja na nusu fungu la kubaki lilikuwa kilima, la kugawa lilikuwa na kandambili moja ya kushoto, na la kutupa lilikuwa na kitu kimoja: fagio alilokuja nalo shemeji.

"Shemeji!"

"Lilikuwa limekatika nyuzi."

"Fagio langu jipya ndilo limekatika nyuzi, na hili?" Aliinua redio isiyo na mgongo wala uso. "Hii ni redio au ni fuvu la redio?"

"Ina mwenyewe hiyo. Akiba haiozi, shemeji."

"Haiozi, lakini inaota ndevu. Tazama!" Akaipulizia, wingu likapanda.

"Usipulize! Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa."

"Kibaba kimejaa, shemeji yangu. Kimejaa, kimemwagikia nyumba, sasa kinamwagikia mapafu ya mtoto. Tuendelee kukijaza?"

Bibi alipiga makofi barazani. "Mama mdogo amefunga goli!" alipaza sauti ndani ya leso. Itafaa alitabasamu, lakini aliichukua redio ile akaikumbatia kifuani, na shemeji aliona, akaacha utani. Alisema polepole:

"Unaogopa nini hasa?"

Alitaka kumweleza juu ya miguu ile. Akasema tu, "Mtu akija kudai kitu chake, nitamwambia nini?"

"Utamwambia mtoto wako anapumua."

Jibu lilikuwa rahisi, na Itafaa aliona kabisa kwamba ni la kweli, na bado mkono wake ukaiweka redio kwenye kubaki. Hofu haina masikio.

Saa saba mvua ilikuja bila kuaga. Haikuanza kwa matone, ilimwagika. Itafaa alipiga kelele, "Mali ya watu!" akaruka barazani na kuanza kuingiza kilima cha kubaki ndani, mbio, akikirundika popote. Televisheni zilirudi ujiani, safari hii bila mpango. Makopo yalisukumwa chini yake, spika juu yake. Shemeji alimlaani na kumsaidia kwa wakati mmoja. Baraza nayo ilivuja, kwa hiyo Bibi akaingizwa ndani ya mlango, akakaa kwenye meza ndogo ya kazi ya baba yake. Dakika tano tu, walisema, mvua ikipungua atatoka.

Shemeji akaingia chumba cha ndani kwa hasira, akaamua walau jambo moja litaonekana limefanyika. Akalivuta pazia lililokuwa limening'inia pale miaka sita.

Itafaa alibaki mezani na binti yake. Na akiwa na wasiwasi, mikono yake ilifanya ilichozoea kufanya kwa miaka ishirini na miwili: ilipanga. Kilichokuwa mezani kilikwenda kwenye makopo yaliyokuwa miguuni pake, kila kitu na nduguye, skrubu na skrubu, fyuzi na fyuzi, wala hakutazama. Hakuhitaji kutazama. Alikuwa akiisikiliza mvua na kuwaza atamwambia nini mkewe saa kumi. Makopo yaliyojaa aliyasukuma kwa mguu yaingie ujiani pamoja na mengine.

Vumbi la pazia lilitoka chumbani kama moshi, likasimama hewani.

Bibi akakohoa mara moja. Kisha mara tatu kwa pamoja. Kisha akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomgeuza Itafaa. Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, leso imemdondoka, mabega yamepanda masikioni, shimo la shingo limebonyea ndani. Hewa ilikuwa inaingia kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na haikuwa inatoka.

"Pampu!" alisema Itafaa. "Mama, iko wapi pampu?" Alipopatwa na hofu alimwita binti yake kama alivyomwita mama yake mzazi.

Shemeji alitoka mbio na pazia mkononi. "Alikuwa nayo! Nilimpa mkononi!"

Waliangalia chini ya kigoda, barazani, kwenye mifuko ya gauni lake. Hakuna. Shemeji alitazama midomo ya mtoto, akalitupa pazia.

"Naenda kutafuta gari. Itafute!" Akatoweka ndani ya mvua, peku.

Itafaa akabaki na sauti ile ya mlango. Alipiga magoti. "Mama, nioneshe tu. Usiseme. Nioneshe."

Bibi aliinua kidole kizito. Akaonesha meza. Meza ilikuwa nyeupe, safi, haina hata skrubu. Kisha kidole kikamgeukia yeye, baba yake. Kisha kikaonesha makopo.

Akayavamia makopo.

Alichukua kopo la vifundo, vile vya kuzungushia sauti, akalimwaga sakafuni. Vifundo vyeusi, vyeupe, vya rangi ya dhahabu vilitawanyika, na katikati yake kikawaka kitu cha buluu. Aliudaka mdomo wa pampu, akautia kinywani mwa mtoto, akabonyeza. Kidole kilizama kwenye tundu. Ndani hamkuwa na kitu.

Mdomo mtupu. Dawa haikuwamo.

Bibi alikuwa anamtazama kwa macho yaliyozidi ukubwa wa uso. Akakutanisha mikono yake miwili mbele ya kifua, kisha akaitenganisha, kama mtu achomoaye kitu ndani ya kitu. Ndivyo alivyomwona baba yake akifanya mezani. Na Itafaa akaelewa. Fundi hatii kifaa kizima kwenye kopo. Fundi hukifungua kwanza. Plastiki huenda kwa plastiki, chuma kwa chuma. Mikono yake ilikuwa imeifungua pampu ya mtoto wake kama inavyofungua redio iliyokufa. Na kichupa kile cha bati, kifupi, cha mviringo, kinachong'aa, mikono ingekiita nini?

Kapasita.

Kopo la kapasita, vile vipipa vya bati vinavyohifadhi umeme ndani ya redio, lilikuwa ujiani. Alijilaza, akatazama chini ya rundo. Akaliona, lebo yake inamtazama, urefu wa mkono na nusu, nyuma ya televisheni iliyokaa sasa chini kushoto, ikiwa imebeba wenzake wote. Alinyoosha mkono mpaka bega likapiga kelele, kidole hakikufika. Nyuma yake sauti ya mlango ilikuwa imebadilika. Sasa ilikuja kwa vipande, na baina ya kipande na kipande palikuwa na nafasi.

Akaishika televisheni ya chini kushoto kwa mikono miwili, akaivuta.

Arobaini na moja zilishuka pamoja. Kioo kililipuka, kingine kikalipuka, spika ilimpiga mgongoni, vijikaratasi viliruka juu kama kuku waliofukuzwa. Hakusikia maumivu. Alitambaa juu ya mali za watu, juu ya mwalimu mrefu na mama wa nyumba ya kijani, akazikanyaga, akazisukuma, akalipata kopo limebonyea, akaling'oa mfuniko kwa meno. Kapasita mia. Mia mbili. Zote za bati, zote za mviringo. Alizimwaga mapajani, na mikono ile iliyomponza ikaanza kupekua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliitazama. Si hiki. Si hiki. Hiki kina miguu ya waya. Hiki kina miguu. Hiki.

Hakina miguu.

Akatambaa kurudi. Akakichomeka kichupa kwenye mdomo wa buluu, akatikisa, akaweka. "Vuta, mama. Vuta." Akabonyeza. Dawa nyingi ilirudi nje kupitia pembe za midomo. Akabonyeza tena. "Vuta na baba. Hivi. Hivi." Alivuta yeye mwenyewe hewa iliyojaa vumbi, amwoneshe. Mara ya nne kifua cha mtoto kilipanda. Kikakaa. Kikashuka. Sauti ya mlango ikarudi, na safari hii Itafaa aliipenda kuliko sauti yoyote iliyowahi kutoka katika redio.

Shemeji alirudi na gari la mtu aliyekuwa akipeleka mikate, wakapakiana.

Zahanati walimwekea Bibi barakoa yenye ukungu wa dawa. Saa kumi na nusu mkewe alifika na sare ya dobi, ananuka pasi ya moto. Alimgusa mtoto kwanza, paji, shingo, vidole. Kisha akageuka.

"Ilikuwa wapi?"

Angeweza kudanganya. "Kwenye kopo," alisema.

"Kopo gani?"

"La kapasita. Mimi ndiye niliyeiweka."

Mkewe akavuta kiti. Akakaa, akashika mkono wa mtoto, akautazama ukungu ukiingia na kutoka.

"Nenda nyumbani," alisema.

"Nikafanye nini?"

"Unajua."

Mvua ilikuwa imekatika. Itafaa hakuchora mafungu. Alibeba kimoja kimoja, kizima na kilichopasuka, akakipeleka ukingoni mwa barabara, mahali ambapo gari la taka hupita Jumatatu saa mbili. Kila alipopita mlangoni na mali ya mtu mgongo ulimsisimka, akingoja mtu alitamke lile neno. Kinyozi alipita akasimama.

"Itafaa! Unahama?"

"Nasafisha."

Kinyozi alimtazama usoni. Akavua koti, akashika upande wa pili wa televisheni. Walifanya kazi hiyo mpaka jua likazama. Makopo yalikwenda mwisho. Itafaa aliyabeba matano matano, na hakufungua hata moja kutazama.

Bibi alirudi akiwa amebebwa mgongoni na mama yake. Alishushwa katikati ya chumba chake, penye kitanda na hewa tu. "Ee!" aliita, na chumba kikamjibu. Alishtuka, akacheka, akaambiwa asiite tena, apumzike. Sakafu ilikuwa ya kijivu, na mkewe aliitazama kama mtu aliyekutana na ndugu. Usiku ule Itafaa alilala sakafuni kando ya kitanda, akihesabu pumzi za mtoto mpaka akapotelewa na hesabu.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu aliamshwa na sauti ya kitu kikiburutwa.

Alikwenda dirishani, dirisha ambalo kioo chake kilionekana tena. Mtaa ulikuwa na watu. Rundo lilikuwa limebaki nusu. Mwanamume mmoja alikuwa akiondoka na televisheni begani, akipiga mluzi. Mama mtu mzima na mjukuu wake walishikana na spika, wanacheka kwa uzito wake. Mwingine alijaza viroba. Hakuna aliyekuwa mwizi, na hakuna aliyeona aibu; walikuwa watu wema waliodamka mapema wakakuta bahati. Itafaa aliona pa kwenda kila kimoja: kwenye kona, chini ya kitanda, juu ya kabati, kando ya mtoto.

Msichana mmoja, mama kijana aliyehamia chumba cha nyumba ya mbele mwezi uliopita, alikuwa amechuchumaa kwenye makopo. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimechomoza kwenye kanga. Alichukua kopo, akalitikisa sikioni mwa mtoto, likalia. Mtoto akacheka. Akalitikisa tena, na vumbi jembamba likamwagika kutoka kwenye mfuniko, likametameta katika jua la asubuhi, likawashukia wote wawili.

Mtoto akakohoa.

Itafaa alitoka peku. "Dada! Dada, hayo acha! Yana vumbi, yanaua mtoto!"

Msichana aliinuka, amekumbatia makopo manne. Alimtazama mtu mzima aliyesimama katika tope na macho mekundu, akacheka kwa heshima, kama unavyomcheka mkubwa anayetania.

"Vumbi, fundi? Vumbi si tunalo bure. Umeshayatupa haya, niache niwekee sukari na chumvi."

"Nakuomba. Mwanangu jana..."

Lakini alikuwa ameshavuka barabara. Aliusukuma mlango kwa kiwiko, akaingia, mlango ukajifunga. Nyuma ya Itafaa watu waliendelea kuchagua. Alisimama akisikiliza. Kutoka ndani ya chumba kile, kupitia ukuta, mtoto alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena mara mbili kwa pamoja.

Itafaa akavuka barabara, akaanza kugonga.